Riwaya Ilipofupika: Kezilahabi, Hadithi Fupi na Ardhi ya Ugogo

Imezoeleka kudhaniwa kwamba hadithi fupi ni chuo cha mwandishi mchanga. Humo hujifunza kulipanga tukio, kumjenga mhusika na kuupima ulimi wake. Akishakomaa, huiacha kama mtoto anavyoiacha kanzu iliyomfupikia, akavaa vazi la watu wazima, yaani riwaya. Historia ya fasihi ya Kiswahili haikubaliani na dhana hiyo. Wako waandishi waliokwisha kujijengea majina kwa riwaya, tena riwaya zilizosomwa na kugombaniwa, ambao baadaye waligeuza uso wakaielekea hadithi fupi. Hawakuielekea kwa uchovu wala kwa kuishiwa. Waliielekea kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo riwaya, kama walivyokuwa wakiiandika, haikuweza tena kulibeba.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, na kufariki Dar es Salaam mwezi wa Januari 2020. Baina ya mwaka 1971 na 1979 Kezilahabi alitoa riwaya nne: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Baada ya hapo ilipita miaka kumi na moja bila riwaya hata moja, mpaka Nagona ilipotoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata. Wahakiki wengi huipita miaka hiyo kumi na moja mbiombio, kana kwamba mwandishi alikuwa amelala. Hakulala. Alikuwa akitunga mashairi, yaliyokusanywa katika Karibu Ndani (1988). Alikuwa akiisomea falsafa hadi akatunukiwa shahada ya uzamivu nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985. Na alikuwa akiandika hadithi fupi.

Ili kuufahamu mgeuko huo, yafaa kuanzia mbali na Ukerewe na mbali na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikofundisha, katika nchi kavu ya Ugogo. Kezilahabi hakuwa mwandishi wa Ugogo, na riwaya zake hazikuitwaa Dodoma kuwa jukwaa lake kuu. Hata hivyo jambo lililomshughulisha kuliko yote katika miaka ya sabini, yaani mkutano wa mwananchi mnyonge na dola inayotaka kumpangia maisha mapya, lilianza kutendeka kwa ukubwa wake katika uwanda ule wa kati. Tena nyumba kuu ya dola hiyo hivi leo imejengwa papo hapo, Mtumba.

Mtumba imo mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, katika mstari mmoja na Ihumwa na Chamwino. Kabla ya kuwa Mji wa Serikali, uliozinduliwa mwezi wa Aprili 2019, ilikuwa ni nchi ya wakulima na wafugaji kama nchi nyingine za Wagogo: ardhi nyekundu, mibuyu, mvua za msimu mmoja zisizoaminika, na nyumba za tembe zenye mapaa bapa. Kila ukoo ulikaa na ng'ombe wake mbali na jirani. Hapo karibu, katika eneo la Ihumwa, ndipo alipozaliwa mwaka 1917 Mathias Mnyampala, mshairi ambaye jina lake halihitaji kutambulishwa kwa wapenzi wa tungo. Watu wa pwani na visiwani humkumbuka kwa Diwani yake ya mwaka 1963, kwa kuliongoza jahazi la UKUTA, na kwa ngonjera alizozipa sura mpya baada ya Azimio la Arusha. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1954 aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Walio wachache zaidi hukumbuka kwamba mwaka 1961 alitoa kisa kifupi cha nathari, Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili.

Kitabu hicho kidogo kinastahili kutajwa hapa kwa jina lake tu, hata kabla ya kufunguliwa. Mnyampala hakukiita riwaya wala hadithi fupi, alikiita kisa. Katika zama zake mipaka hiyo ilikuwa haijachorwa. Shaaban Robert, ambaye Kezilahabi baadaye alimwandikia tasnifu ya shahada ya uzamili, alitoa Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, vitabu ambavyo kwa urefu wake vinasimama baina ya riwaya na ngano. Msomaji wa wakati ule hakuuliza ni kurasa ngapi. Aliuliza kisa kina nini. Tofauti baina ya riwaya na hadithi fupi ilikuja kukazwa na vyuo vikuu, mitihani ya shule na wachapishaji. Kwa hiyo mwandishi wa riwaya aliyeiendea hadithi fupi hakwenda ugenini. Alirejea katika nyumba ya zamani ambayo ufunguo wake ulikuwa bado mfukoni.

Mwaka 1969 Mnyampala alifariki. Miaka miwili baadaye nchi aliyoiandikia historia ilibadilishwa sura. Kufuatia ukame na njaa ya mwishoni mwa miaka ya sitini, serikali iliendesha mwaka 1971 ile iliyokuja kuitwa Operesheni Dodoma, ya kuwahamisha Wagogo kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Rais Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akishirikiana na wanavijiji kufyatua matofali ya nyumba mpya. Mwezi wa Oktoba 1973 chama cha TANU kikaamua kwamba Dodoma ndiyo iwe makao makuu ya nchi. Na mwezi uliofuata Rais akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, si hiari tena. Kwa muda wa miaka mitatu minne iliyofuata, mamilioni ya watu walihamishwa nchini kote. Yaliyojaribiwa kwanza katika uwanda wa Ugogo yakawa ndiyo hali ya taifa zima.

Hayo ndiyo mazingira ambamo riwaya za Kezilahabi zilizaliwa. Nazo zina tabia moja inayofaa kuangaliwa kwa makini: humfuata mtu mpaka mwisho wa uhai wake. Rosa, binti aliyelelewa kwa ukali wa baba, hujiua. Kazimoto wa Kichwamaji, msomi aliyekosa pa kusimama, naye hujiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, aliyejikusanyia mali na kuiona ikichukuliwa katika wimbi la ujamaa, humuua kiongozi wa serikali, naye hunyongwa. Riwaya hii ya tatu haikuwa ndoto tupu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani katika barabara ya kutoka Iringa kwenda Dodoma, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia ujamaa kwa nguvu. Mwamwindi alihukumiwa, akanyongwa. Msomaji wa mwaka 1975 aliyeufikia mwisho wa Tumaini hakuhitaji kuelezwa mwangwi ule ulitoka wapi.

Riwaya inayomfuata mtu mpaka kaburini inahitaji mwandishi aujue mwisho. Kifo humpa mwandishi ukuta wa kuegemea: hapo ndipo maisha yanapojumlishwa, na hapo ndipo hukumu inapotolewa. Lakini kisa cha ujamaa, ambacho ndicho kilichokuwa kisa cha nchi, kilikuwa hakijafika mwisho. Hakikuwa kimefaulu, wala hakikuwa kimekiriwa kuwa kimeanguka. Katika Gamba la Nyoka Kezilahabi alijaribu kwa mara ya mwisho kukieleza kwa upana wake, kwa kuwaweka vijana wawili waliosoma, Mambosasa na Mamboleo, mbele ya wanakijiji wanaohamishwa kwa nguvu. Ndani ya kitabu hicho mna wazee wanaokataa, viongozi wanaoamrisha, kanisa, shule na mashamba. Kila kitu kimo. Hata hivyo msomaji hukifunga akiwa na hisia kwamba mwandishi amesimama mbele ya mlango uliofungwa. Ujamaa uliopaswa kuwa ngozi mpya umebaki kuwa gamba. Baada ya hapo, riwaya ya namna ile hakuiandika tena.

Hamu ya hadithi fupi haikungoja riwaya ikome. Katikati ya miaka ya sabini, wakati riwaya zake zikiendelea kutoka, Kezilahabi alikwisha kuandika hadithi iitwayo "Wasubiri Kifo". Mwaka 1978 gazeti la Jumapili la chama, Mzalendo, lilichapisha hadithi yake "Mayai Waziri wa Maradhi". Mwaka 1985 ikafuata "Cha Mnyonge Utakitapika Hadharani". Majina hayo matatu, yakiwekwa kwa mfuatano, yanaeleza safari. La kwanza lina jambo lile lile la riwaya, yaani kifo. Lakini hapa watu hawafi, wanangoja tu. Hali ya kungoja ndiyo iliyokuwa hali ya nchi. La pili lina kejeli kali iliyofichwa katika neno moja. Serikali zote huwa na Waziri wa Afya. Kezilahabi akamwita wake Waziri wa Maradhi. Kwa kuligeuza neno hilo moja, ameukata uso wa dola na kuonyesha kilicho chini yake. La tatu ni mfano wa methali isiyokuwamo katika vitabu vya methali: onyo kwa mla cha wanyonge, kwamba alichokimeza gizani kitatoka mchana, mbele za watu.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Mzalendo lilikuwa gazeti la chama kilichotawala, na hadithi inayomdhihaki waziri ikapata nafasi humo. Huenda ufupi wenyewe ulisaidia. Riwaya hukaa rafuni, hupelekwa mashuleni, huundiwa kamati. Rosa Mistika ilipigwa marufuku katika shule kwa sababu ya namna ilivyoyasema mambo ya mwili. Kaptula la Marx, tamthilia ya Kezilahabi iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya sabini, ilikaa hadi mwaka 1999 ndipo ikachapwa kuwa kitabu. Hadithi ya gazetini husomwa Jumapili, na Jumatatu gazeti linafungia samaki. Upesi wa kupotea kwake ndio ngao yake. Mwandishi wa hadithi fupi alikuwa kama mtu apitaye njiani akasema neno moja, akaendelea na safari; wanaosikia wamesikia, na aliyekusudiwa hajui kama amesemwa au amesalimiwa.

Mwaka huo wa 1978 una maana kubwa kuliko hadithi moja. Ni mwaka ule ule ambao Mohamed Suleiman Mohamed wa Unguja, mwandishi wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi, Kicheko cha Ushindi. Ni mwaka ule ule pia ambao Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe kama Kezilahabi, alitoa mkusanyiko wake wa pili wa hadithi fupi, Uwike Usiwike Kutakucha. Waandishi watatu wa riwaya, wawili wa ziwani na mmoja wa baharini, wasioandika kwa mtindo mmoja wala kwa itikadi moja, walikutana katika fani moja ndani ya mwaka mmoja. Haimaanishi kwamba riwaya ilikuwa imekufa. Mwaka huo huo Adam Shafi alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad, na uliofuata akatoa Kuli. Lakini Adam Shafi alikuwa akisimulia mambo ambayo mwisho wake ulikuwa unajulikana, yaani mapinduzi ya Januari 1964 na mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Riwaya pana ilistawi pale ambapo historia ilikuwa imekwisha kufunga ukurasa. Palipokuwa na ukurasa ulio wazi bado, hadithi fupi ndiyo iliyoingia.

Njia ya Ruhumbika inathibitisha jambo hili kwa upande mwingine. Yeye alianza na riwaya ya Kiingereza, Village in Uhuru, iliyotoka London mwaka 1969. Kisha akafanya mambo mawili kwa pamoja: akakiacha Kiingereza na akaiacha riwaya. Mwaka 1974 alitoa Parapanda, na miaka minne baadaye Uwike Usiwike Kutakucha, vyote vikiwa vya hadithi fupi na vyote kwa Kiswahili. Mwandishi aliyekuwa akiwaeleza wageni habari za kijiji chake alikuwa sasa anazungumza na wenyewe, na wenyewe hawahitaji kuelezewa kijiji tangu mwanzo. Wanayajua mazingira, wanawajua watu, wanazijua hata mbinu za katibu wa tawi. Yaliyobaki ni kuwaonyesha tukio. Ufupi, kwa maana hiyo, ni dalili ya kuaminiana baina ya msimulizi na msikilizaji. Ruhumbika alirudi kwenye riwaya mwaka 1992 kwa Miradi Bubu ya Wazalendo, nayo ilikuwa riwaya ya Kiswahili.

Visiwani jambo hili lilipata mtu wa kulishikilia kwa muda mrefu zaidi. Said Ahmed Mohamed wa Pemba alikuwa amekwisha kutoa Asali Chungu, Utengano na Dunia Mti Mkavu alipotoa, mwaka 1985, hadithi fupi zilizomo katika Si Shetani si Wazimu. Baada yake zikaja riwaya nyingine: Kiza Katika Nuru (1988) na Tata za Asumini (1990). Kisha kwa mara ya pili, mwaka 2002, akatoa Sadiki Ukipenda, mkusanyiko unaokaa baina ya riwaya mbili zilizouacha uhalisia wa zamani, Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006). Majina ya mikusanyiko yake yanasema wazi kilichokuwa kikifanyika. "Si shetani si wazimu" ni kauli ya mtu aliyeshindwa kuliita jambo kwa jina lake. "Sadiki ukipenda" ni kauli ya msimulizi aliyekwisha kuacha kuapa kwamba anasema kweli. Hadithi fupi ilimpa nafasi ya kujaribu mambo ambayo riwaya ya mwaka 1980 isingeyakubali: wafu wanaorudi, ndoto zisizo na mwamko, mambo yanayokataa kuelezeka.

Wapenzi wa ushairi wanaweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu linafanana na lile wanalolijua. Riwaya ni kama utenzi: mwendo mrefu, beti zinazofuatana kwa mamia, vita, safari, nasaba, na mwishoni jina la mtunzi na tarehe. Hadithi fupi ni kama shairi la beti tano. Haina nafasi ya nasaba. Huingia katikati ya jambo, hulishika neno moja likawa kituo, na kila kinachosemwa hurejea kwenye kituo hicho. Katika hadithi ya Mayai kituo hicho ni "maradhi", neno lililoondoa "afya" likakaa katika kiti chake. Mtunzi wa shairi anajua kwamba kina kibovu kimoja huharibu ubeti mzima. Mwandishi wa hadithi fupi naye anajua kwamba sentensi moja ya kupoteza wakati huonekana kama doa katika kanzu. Si ajabu, basi, kwamba Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed walikuwa washairi kabla ya kuielekea hadithi fupi, mmoja kwa Kichomi (1974) na mwingine kwa Sikate Tamaa (1980).

Kwa Kezilahabi fanani hii ina kinaya chake. Kichomi ilizua ugomvi mkubwa, kwa sababu mashairi yake hayakufuata vina wala mizani. Walioishi katika mapokeo ya pwani na visiwani, yale aliyoyatungia sheria Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 na aliyoyatetea Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu mwaka 1988, waliona kwamba nyumba inabomolewa. Mnyampala wa Ihumwa, Mgogo aliyejifunza vina na mizani hadi akawafundisha wengine, angesimama upande wao bila ya shaka. Lakini katika hadithi fupi Kezilahabi huyo huyo, aliyekataa kufungwa na mizani, alijifunga mwenyewe kwa sheria ngumu isiyoandikwa: kusema kidogo na kuacha mengi yasikike. Nidhamu aliyoikimbia katika ubeti aliikuta ikimngoja katika nathari.

Yupo atakayepinga kwamba maelezo yote haya ni ya bure, kwa kuwa sababu ya kweli ilikuwa karatasi. Hoja hiyo ina uzito. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliumaliza uwezo wa nchi. Fedha za kigeni zikaadimika, karatasi ikawa bidhaa ya kutafutwa, na wachapishaji wa vitabu wakadhoofika katika miaka yote ya themanini. Hadithi ya kurasa kumi ilipata pa kuchapishwa, gazetini au katika jarida la chuo, pale ambapo riwaya ya kurasa mia mbili ingebaki kabatini. Hoja ya pili ni ya hofu: kwamba kusema kwa ufupi kulikuwa ni kujikinga. Nayo ina ukweli, kama ilivyokwisha kuonekana.

Hata hivyo hoja hizi mbili zinaeleza ni wapi na lini hadithi fupi ziliandikwa, hazielezi zimeandikwaje. Tena hazielezi kilichotokea baadaye. Uhaba ukipita, mtu aliyekuwa akila kidogo kwa shida hurudi kwenye sahani kubwa. Kezilahabi hakurudi. Alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, hakutoa riwaya za kurasa nyingi zenye vijiji, shule, familia na mahakama. Alitoa vitabu viwili vyembamba, kila kimoja kisichofika kurasa mia. Ndani yake msimulizi anatembea katika dunia iliyokuwa magofu, akikutana na wafu, na vitabu, na mzee Kakulu, na maswali. Sura zake zinaweza kusomwa moja moja kama hadithi fupi, au hata kama mashairi. Si Ukerewe wala Dar es Salaam inayoonekana humo kwa jina. Mtu hafuatwi tena mpaka kifo. Anaanza safari akiwa amekwisha kukivuka. Riwaya ilikuwa imepita katika tundu la sindano la hadithi fupi, ikatokea upande wa pili ikiwa imebadilika.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa jambo lenyewe, na ndipo ilipo hasara. Wahakiki wamezisoma Nagona na Mzingile kwa kuzitafutia asili katika falsafa ya Ulaya, hasa ya Nietzsche, na katika masomo aliyoyafanya mwandishi huko Wisconsin. Hawakukosea, lakini wameruka daraja. Baina ya Gamba la Nyoka na Nagona kuna hadithi fupi zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, nyingine katika gazeti lililouzwa vibandani. Humo ndimo mwandishi alimojifunza kuacha kueleza. Asiyezisoma huona kwamba Kezilahabi wa mwaka 1990 ni mtu mwingine, aliyeshuka kutoka ng'ambo na fikra za watu. Anayezisoma humwona yule yule, akitembea hatua kwa hatua.

Na kuzisoma si jambo jepesi. Kicheko cha Ushindi na Si Shetani si Wazimu vilikuwa vitabu tangu mwanzo, na mwenye bahati huvipata katika maktaba. "Mayai Waziri wa Maradhi" ilipata maisha ya pili katika miaka ya 2000, ilipolipa jina lake gulio zima la hadithi za waandishi mbalimbali lililochapishwa Nairobi. Lakini hadithi iliyochapwa gazetini katika miaka ya sabini, ikiwa haikuokolewa na mhariri yeyote, inaishi katika karatasi ya aina duni iliyokwisha kuwa manjano, ndani ya majalada yanayokatika pembeni kila yanapofunguliwa. Ile ngao ya upesi iliyomlinda mwandishi na wakubwa haikuilinda kazi yake na mchwa. Kadhalika, katika historia za fasihi mwandishi huhesabiwa kwa riwaya zake. Hadithi zake fupi hutajwa katika mstari wa mwisho, baada ya neno "pia".

Kezilahabi alifariki miezi tisa baada ya Mji wa Serikali kuzinduliwa Mtumba. Wizara zilizokuwa zikitawanyika katika mitaa ya Dar es Salaam alipokuwa akiandika zimejengewa makao katika ardhi ile nyekundu ambayo mwaka 1971 watu wake waliambiwa wahame ili wajengewe maisha mapya. Wizara ya Afya imo. Hakuna kibao kilichoandikwa Wizara ya Maradhi, na hakitakuwapo. Lakini msomaji aliyewahi kukutana na Waziri Mayai hawezi kukipita kibao cha Afya bila ya kulisikia neno la pili likinong'ona chini ya lile la kwanza. Hiyo ndiyo kazi ambayo kurasa chache za gazeti la Jumapili zilifaulu kuifanya, na ambayo riwaya nne zenye upana wote wa nchi zilikuwa zimeihangaikia.